Kubaki ughaibuni au kurudi Moshi: anza na milango isiyofunguka tena

Mtu wa Machame, Marangu au Ngaramtoni anayeishi Marekani, Uingereza, Ujerumani au Afrika Kusini siku hizi kila akipiga simu nyumbani anaulizwa arudi lini. Huko aliko sheria zinabana, huku ndugu wanaona video na kuogopa. Hofu hiyo haikosi msingi, ila ni mshauri mbaya. Wanaoharibikiwa si wanaobaki wala wanaorudi. Ni wale waliofanya jambo lisilorudishika kwa sababu ya wiki moja ya habari mbaya: waliosaini karatasi uwanja wa ndege, waliouza nyumba, walioapa uraia bila kujua kiapo kinawanyima nini kwao. Kwa hiyo tunaanza na yale yasiyorudishika, ndipo pesa, kisha kujaribu, mwisho kuhama.

Chuja habari kwanza

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Ya kwanza ni sheria inayotumika leo na inayogusa aina yako ya kibali. Ya pili ni mapendekezo yaliyotangazwa. Ya tatu ni maneno ya wanasiasa, ya mitandaoni na ya jirani.

Tuchukue Uingereza. Tangu Machi 11, 2024 wahudumu wa wazee na wagonjwa wanaoingia kwa visa mpya hawaruhusiwi kuleta mwenza wala watoto, na tangu Julai 22, 2025 waajiri wamezuiwa kuleta wahudumu wapya kutoka nje. Hiyo ni safu ya kwanza. Mpango wa kurefusha njia ya makazi ya kudumu kutoka miaka 5 hadi 10 ulitangazwa Mei 2025 kama pendekezo, kwa hiyo ulianzia safu ya pili. Kila mwezi kagua tovuti ya serikali yenyewe uone kama kitu kimehama safu. Safu ya tatu isikunyime usingizi, na usiitolee uamuzi.

Kwa Marekani, Watanzania wanaoomba visa ya utalii na biashara waliingizwa Oktoba 2025 kwenye orodha ya wanaoweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Kisha kwa amri iliyoanza Januari 1, 2026 Tanzania ikawekwa kwenye nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa visa za kuhamia, za utalii na za masomo. Mwenye green card, yaani kadi ya makazi ya kudumu ya Marekani, hakufungiwa mlango na amri hiyo. Kinachobadilika ni kwamba mama hawezi tena kuja kulea mjukuu miezi mitatu, na mwanafunzi ambaye muhuri wa visa umeisha akija kumzika baba Kibosho anaweza kukwama huku, hata kama chuo bado kinamtambua. Kabla ya kukata tiketi ya msiba, fungua pasipoti uangalie tarehe ya visa yenyewe. Barua ya chuo haitoshi.

Ukiondoka, una muda gani wa kurudi?

Kabla ya kuwaza Moshi, jua kibali chako kinastahimili kukaa nje kwa muda gani:

- Green card ya Marekani: ukizidisha miezi 6 nje utaulizwa maswali ukirudi, na unaweza kukatiza miaka unayohesabu kwa ajili ya uraia. Ukizidisha mwaka 1 bila kibali cha kurejea, unaweza kuhesabiwa umeitupa. Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani, na hudumu hadi miaka 2. Wengi hukosea kwa kukumbuka fomu wakiwa tayari wako Arusha.
- Makazi ya kudumu ya Uingereza: hupotea ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo.
- Kibali cha kudumu cha Ujerumani: kwa kawaida miezi 6 tu. Ukitaka zaidi, omba ruhusa ofisi ya wageni kabla ya kusafiri, na uipate kwa maandishi.
- Kanada: lazima uwe umekaa ndani siku 730 katika kila miaka 5.
- Falme za Kiarabu: ukaazi wa kawaida hufa ukizidisha miezi 6 nje.

Mwenye green card akifika uwanja wa ndege wa Marekani baada ya kukaa nje muda mrefu, ofisa anaweza kumpa fomu I-407 asaini kwamba anaiacha kadi kwa hiari. Neno "hiari" lichukulie lilivyo. Unaweza kukataa na kuomba usikilizwe na jaji wa uhamiaji. Ukishasaini, mjadala umekwisha.

Asiye na kibali ana hesabu nyingine, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Kwa sheria ya Marekani, mtu mzima aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 mfululizo akiondoka hufungiwa kuingia tena kwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka 1 au zaidi hufungiwa miaka 10. Marufuku hiyo huanza kuhesabiwa *ukitoka*, si ukikamatwa. Kwa hiyo ile ofa ya kuondoka kwa hiari kupitia CBP Home, programu ya simu ya serikali ya Marekani, iliyotangazwa Mei 2025 pamoja na tiketi na dola 1,000, si ya kuibonyeza usiku kwa hasira. Kama una mwenza raia, mtoto raia aliyefika miaka 21, au ombi lolote linalosubiri, kaa kwanza na wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Sisemi yule mtu wa kujaza fomu kanisani, hata awe mwema kiasi gani. Afrika Kusini nako, ukizidisha muda wa kibali kwa zaidi ya siku 30, ukitoka unaweza kutangazwa mtu asiyetakiwa kwa miaka 5.

Uraia: hapa kaa sana

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiwa na miaka 18 au zaidi ukachukua wa nchi nyingine kwa hiari yako, wa Tanzania unakoma. Unakoma siku ya kiapo. Hausubiri urudishe pasipoti ubalozini. Wapo wanaotua KIA na pasipoti mbili mkobani wakidhani waliyoificha haipo. Huo ni mchezo ambao siku moja utachezewa kwenye kesi ya kiwanja, na mpinzani wako atakuwa shemeji anayejua kila kitu.

Ukipoteza uraia, unapoteza nini hasa? Kwanza ardhi: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Pili biashara, na hili wengi bado hawalijui. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo duka la jumla na rejareja, uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, kuongoza watalii, udalali, uchimbaji mdogo na kununua mazao shambani. Faini kwa mgeni ni shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miezi 6, na kufutiwa visa au kibali. Raia anayemfichia mgeni biashara naye ana faini ya milioni 5 au miezi 3. Sasa soma orodha hiyo tena kama mtu wa Moshi aliyekaa Texas miaka 18 na kuapa uraia: karibu kila biashara aliyokuwa akiiota imo. Kumwandikisha mdogo wako kama mwenye duka hakuponyi, kunamwingiza na yeye.

Nafuu ipo. Mwaka 2025 sheria za uhamiaji na ardhi zilirekebishwa ili wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje waweze kuomba hadhi maalumu, ikiwamo haki ya ardhi kwa masharti. Hadhi hiyo si uraia, haikupi kura. Kama biashara unayoitaka imo kwenye ile orodha ya 15, usikodi fremu kabla ya kupata jibu la Uhamiaji kwa maandishi.

Upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Uraia wa huko ndio karatasi pekee inayokuwezesha kukaa Moshi miaka minane, ukaugua, ukarudi bila kuulizwa na mtu. Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Mwenye nia ya kweli ya kurudi ndani ya miaka miwili mitatu abaki Mtanzania na ailinde green card au kibali chake kiwe hai. Mwenye watoto waliokwisha kuota mizizi huko, na anayejua atazeeka akienda na kurudi, achukue uraia kisha aombe hadhi maalumu. Familia nyingi hugawana: mmoja anaapa, mwingine anabaki Mtanzania na ardhi inaandikwa jina lake. Hufanya kazi vizuri hadi siku ya talaka au kifo, kwa hiyo andikeni wosia mapema.

Mwanamke wa Kitanzania aliyeolewa na mgeni ajue pia kwamba sheria yetu humruhusu mke mgeni wa Mtanzania kuomba uraia kwa ndoa, lakini mume mgeni hapewi njia hiyo. Mume atahitaji hati ya utegemezi au kibali cha ukaazi (daraja A ni la wawekezaji, B la waajiriwa, C la wengineo), na akitaka kufanya kazi, kibali cha kazi mbali na hicho. Mtoto aliyezaliwa nje kwa mzazi Mtanzania anaweza kuwa na uraia wa pande zote hadi miaka 18, ndipo achague.

Kamba ya NIDA

Likizo yoyote utakayokuja, maliza hili hata kama huna mpango wa kurudi. Mpangilio ni cheti cha kuzaliwa cha RITA, kisha namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha pasipoti ya kielektroniki (ada shilingi 150,000 ukiombea hapa), kisha TIN, laini ya simu na akaunti ya benki. Kila kimoja kinadai kilichotangulia. Majina yafanane herufi kwa herufi. "Elizabeth" kwenye cheti na "Elizabeti" kwenye NIDA vitakupotezea likizo nzima. Aliyerudishwa ghafla bila namba ya NIDA hawezi hata kusajili laini kwa jina lake, na anaishi kwa simu ya binamu.

Pesa: unakaribia kustahili nini?

Kabla ya kupanga tarehe, omba taarifa ya michango yako. Marekani, pensheni ya uzeeni hutaka alama 40, na kwa mwaka unapata zisizozidi 4. Mwenye 37 akiondoka leo anaacha jambo la miezi michache ya kazi. Kama wewe si raia, uliza pia kwa jina la Tanzania iwapo malipo yataendelea ukiwa nje zaidi ya miezi 6. Uingereza huanza kulipa ukiwa na miaka 10 ya michango, na kamili ni 35. Ukiishi Tanzania utalipwa, ila kiwango kinaganda, yaani hakipandi kila mwaka kama cha aliyebaki. Ujerumani, raia wa Tanzania aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kudai arudishiwe sehemu yake, si ya mwajiri, miezi 24 baada ya kuacha kuchangia na kuondoka Ulaya. Akiba ya 401(k), ile ya uzeeni ya kazini Marekani, ukiitoa kabla ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida hukatwa asilimia 10 juu ya kodi. Iache huko.

Na kwa wanaotuma pesa kutoka Marekani: tangu Januari 1, 2026 fedha taslimu zinazotumwa nje hutozwa asilimia 1. Ukitumia akaunti ya benki au kadi ya huko, hutozwi.

Sasa hesabu ya mwezi ya Moshi au Arusha. Iandike kwa shilingi, na upande wa mapato usiweke hata senti ya kutoka nje. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo, na dalali atataka ya mwezi mmoja. Arusha akikutajia dola mkumbushe kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Weka mstari wa michango: harusi, msiba, ada ya mtoto wa dada. Ulipokuwa mbali ulituma ukipenda. Ukiwa hapa Majengo, Moshi, wanakuja sebuleni. Akiba iwe ya miezi 12 ya matumizi, na pembeni nauli ya kurudia pamoja na fungu la matibabu lisiloguswa. Huna hiyo? Basi jibu lako kwa sasa ni kubaki na kuweka akiba.

Kaa mwezi wa nne, si Desemba

Usipime Moshi kwa Krismasi. Desemba Moshi nzima imerudi Moshi: kila ukoo uko juu mlimani, kuna ndafu, kuna mbege, kila mtu ana hela na muda, na wewe ni mgeni wa heshima. Ofisi nazo zimelala. Uamuzi mwingi mbaya wa kurudi umefanywa kati ya Desemba 24 na Januari 2.

Njoo Aprili na Mei, masika. Panga chumba au nyumba ndogo kwa wiki sita hadi nane. Usikae kwa kaka, maana kwa kaka hutajua bei ya gesi. Panda daladala na bajaji. Nunua chakula soko la Mbuyuni (Moshi) au la Kilombero (Arusha) kama mkazi. Barabara ya kwenda kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, ikiwa tope, jaribu kumfikisha mzee hospitali ya KCMC usiku, upime dakika. Umeme ukikatika ukiwa kwenye kikao cha kazi ya mtandaoni, ndipo utajua kama unahitaji inveta. Kama unategemea biashara, ifanye kwa udogo wiki hizo hizo. Uza kitu kwa mtu asiye ndugu, na uhesabu siku hadi alipe. Kila jioni andika ulichotumia. Daftari hilo lina thamani kuliko ushauri wa kikundi chochote cha WhatsApp.

Kihamba na ujenzi

"Kihamba chako kipo" si hati. Nenda mwenyewe, tembea mpaka pamoja na baba mdogo, majirani wa pande zote na mwenyekiti wa kitongoji. Mpaka wa kihamba mara nyingi ni mimea ya masale iliyopandwa, na masale huhamishika. Angalia kama shina ni nene na la kale, au ni kijiti cha juzi chenye udongo laini chini yake. Kisha fanyeni kikao cha ukoo, muhtasari usainiwe na wote wenye haki, dada zako wakiwamo, ndipo mpimaji aje na mfuate hati ya hakimiliki ya kimila kupitia kijiji. Kiwanja cha mjini fanyia upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kulipa chochote, na kama muuzaji ana mwenza, pata ridhaa yake ya maandishi.

Ukijenga ukiwa mbali, anayesimamia asiwe anayenunua vifaa. Wizi mkubwa uko kwenye saruji. Mfuko wa kilo 50 unatoa tofali za inchi 6 zipatazo 30 zenye nguvu. Fundi akikwambia ametoa 50, huo ni mchanga wenye rangi. Omba video: achukue tofali bila kuchagua, aliachie kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, simamisha. Na zimwagiliwe maji walau siku 7, jambo ambalo mafundi hulisahau mara tu mwenye nyumba akikata simu.

Watoto, kazi na dawa

Mwaka wa shule huanza Januari. Mtoto anayehama Julai anaangukia katikati ya mtaala, na asiyejua Kiswahili cha kuandika ataumia akiingia shule inayofuata mitihani ya taifa. Mhamishe kabla ya kidato cha kwanza, au usubiri amalize huko. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na NECTA, vya chuo kikuu na TCU. Muuguzi ajisajili Baraza la Uuguzi na Ukunga huku, na usajili wa huko aendelee kuulipia.

Mwenye kisukari, presha au figo alete orodha ya dawa kwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni, na aiulizie kwenye maduka ya dawa ya Moshi mjini na KCMC kabla ya kuhama.

Mzigo wa mwisho

Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki humpa anayehamisha makazi msamaha wa ushuru kwa vitu vyake vya nyumbani na gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa miezi 12 au zaidi. Kadi ya gari iwe jina lako, na mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu ufike. Gari la Marekani lina usukani kushoto, na huku kulipita lori kwenye barabara ya Himo kwa usukani huo ni kazi. Bei ya kuliuza kabla ya kuondoka ilinganishe na usafirishaji kwanza. Kontena waweza kulipitishia Tanga badala ya Dar es Salaam kama meli inafika, kwa kuwa Tanga ni karibu zaidi na Moshi.

Usifunge akaunti ya benki ya huko mwaka wa kwanza, na acha anwani ya mtu unayemwamini kwa ajili ya barua. Mwenye uraia au green card ya Marekani anaendelea kuwasilisha ritani ya kodi huko hata akiishi Rau, Moshi. Na akaunti zake za nje, ya CRDB au NMB ikiwamo, zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, anatakiwa kuziripoti.